Jino la Hrachya

Bamba la dhahabu limekwama forodhani, wiki ya tatu sasa,
na leza haijui habari za forodha.
Inapashwa moto kila asubuhi, inakula umeme,
inapiga mipigo kumi kwa sekunde juu ya chuma cha bure
kama mgeni anayegonga meza akingoja chai.

Ndipo Hrachya, fundi wetu wa pampu na vioo,
aliyezifuta lenzi hizi tangu sijazaliwa,
akatia mkono kwenye koti,
akatoa kiberiti, na ndani ya kiberiti, jino.
"Limening'oka Jumapili nikivunja lozi.
Taji la mwaka sabini na nane.
Dhahabu ni dhahabu, Nvard."

Smbat alicheka hadi akakohoa.
Mimi sikucheka. Nilikuwa na siku kumi na moja
na ripoti yenye ukurasa mweupe mahali pa mchoro.

Tukaliponda kwa nyundo likawa bapa,
tukaliosha kwa asidi, kwa spiriti, kwa asidi tena,
tukalilaza chini ya gilasi, juu yake maji kina cha kidole.
Miwani. Komeo. Taa nyekundu mlangoni.

Mwale wenyewe hauonekani, jicho halikuumbiwa rangi ile.
Unachoona ni cheche, nukta nyeupe isiyotulia,
unachosikia ni ta, ta, ta,
na Hrachya akanong'ona: "Leo linatafunwa lenyewe."

Dakika ya tatu maji yakawa waridi.
Ya nane, komamanga.
Huwa hivyo: dhahabu ikishakuwa ndogo,
chembe elfu nane foleni moja zisivuke unene wa unywele,
huuvua umanjano wake na kuutupa.
Nimeliona hilo mara mia
na bado nilisogeza uso karibu na kioo.

"Mkate wangu wote ulipita hapo," akasema,
"hata ule wa foleni, majira ya giza,
tulipochoma mbao za sakafu ya ukumbi
pampu zisigande."
Nje theluji ya Aragats ilikuwa imeshuka hadi kwenye uzio wetu.
Smbat alizima leza. Hakuna aliyesema neno.

Kisha vipimo, ambavyo havijui kunyamaza.
Kilele kilitakiwa kisimame mia tano na ishirini.
Kilisimama thelathini na nane, tena kipana,
kimelegea kama paa lililobeba theluji.
"Shaba," akasema Smbat. "Daktari wa meno alikuibia, mzee."

Hrachya hakukasirika. Alikuwa akikaza skrubu.
"Hakuniibia. Dhahabu tupu haitafuni, ni laini mno.
Lazima uitie kitu cha hali ya chini
ndipo iweze kuvunja lozi."

Niliandika daftarini: sampuli arobaini na sita,
chanzo, jino. Haifai.
Nikaipigia mstari, kisha nikaona haya kwa ule mstari.

Bamba lilifika Alhamisi, limefungwa kama bibi harusi.
Safi. Kilele mia tano ishirini na moja.
Mchoro ukaingia ukurasani, ripoti ikaenda,
na sasa ukiniuliza ulikuwaje, huo mchoro,
lazima niufungue niutazame.

Ile chupa ya arobaini na sita iko dirishani.
Haina dawa ya kuzuia chembe zisigandamane,
kwa hesabu zangu ingetuama mwezi wa kwanza,
vumbi jeusi chini, maji matupu juu.
Miaprikoti imechanua kandokando ya bonde la Kasakh
na bado ni nyekundu.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pampu,
Hrachya huiinua kwenye mwanga,
huitikisa kidogo,
na ulimi wake, ndani ya shavu, unapapasa pengo.